Nyumba Iliyotumia Umeme Kidogo

Habari ya ushindi ilimkuta fundi Zima amepiga magoti nyuma ya friji ya mtu, mdomo umejaa skrubu. Mwenyekiti wa mtaa, mama mwenye sauti ya kuamsha waliolala nyumba ya tatu, alisimama mlangoni mwa karakana akatangaza kwamba katika shindano la mtaa nyumba ya fundi ndiyo iliyotumia umeme kidogo kuliko zote. Jumamosi kamati ingekuja kumpongeza, kumpiga picha na kumsikiliza.

Fundi alizitoa skrubu mdomoni moja moja. "Mimi?"

"Sasa nani mwingine? Au siku hizi huitwi Zima?"

Zima halikuwa jina alilopewa na wazazi, lakini alikuwa amelitolea jasho. Mtaa ule ulikuwa na umeme wake wa jua. Paneli zilikuwa juu ya mapaa, betri za wote zilikaa katika kibanda kimoja, na sheria yake ilikuwa nyepesi: usichokitumia wewe kinambakia jirani. Siku za mawingu watu waligombana kwa sababu ya pasi. Fundi aliishika sheria hiyo kuliko hata walioitunga. Mkewe akitoka jikoni kwenda kumfungulia mgeni, akirudi anakuta giza. Binti yao akioga maji ya moto, baba mtu yuko mlangoni anagonga: "Umeshaiva, toka!" Watoto wa mtaani walimwimbia "Zima! Zima!" akipita, naye hakuchukia.

Aliyechukia ni mkewe, kwa namna yake. Yeye alikuwa mtu wa kuacha. Aliacha redio ikiimba chumbani ilhali yeye yuko uani. Aliacha feni ikipepea kiti kitupu. Aliweza kufungua friji akasimama mbele yake akiwaza apike nini, ametulia kama mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa. "Funga hiyo, baridi inakimbia!" fundi angepiga kelele. Mkewe angemjibu bila kugeuka, "Na ikimbie, labda nayo imechoka kukusikia. Utadhani huo umeme mmezaliwa nao tumbo moja."

Kisha binti akajifungua, huko mji mwingine alikoolewa, na mama akaenda kumsaidia kulea. Alisema angerudi mtoto akikaza shingo. Mtoto akakaza shingo, akakaa, akaota meno, akatambaa. Sasa alikuwa anasimama kwa kushika viti, na bibi yake bado yuko huko huko. Hawakuwa wamegombana, na hilo ndilo lililomsumbua fundi, maana wangekuwa wamegombana angejua pa kuanzia kuomba radhi. Walipigiana simu kama kawaida. Yeye aliuliza habari za mjukuu, mkewe akauliza habari za kikohozi chake, wakaagana. Swali la kwamba utarudi lini lilifika mpaka kwenye meno kila siku, na kila siku alilimeza. Aliogopa jibu. Pengine mwenzake huko alikuwa amepumzika. Pengine alikuwa ameonja kuishi bila mtu wa kumzimia taa, akaona kumbe dunia ina raha zake. Basi fundi akajikaza kisabuni, na nyumba ikazidi kunyamaza.

Alimkosa mno, kuliko alivyodhani mtu mzima anaweza kumkosa mtu mzima mwenzake. Jioni moja alifanya jambo ambalo asingemwambia yeyote. Aliwasha taa zote, akafungulia redio chumbani, akaigeuzia feni kwenye kiti cha mkewe, kisha akaketi sebuleni akasikiliza. Redio iliimba, feni ilizunguka. Alikuwa anasubiri kusikia kandambili zikiburuzwa kutoka chumbani kwenda uani. Hazikuburuzwa. Mwishowe alijiona mjinga, akainuka, akazima kimoja kimoja. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuzima, lakini siku ile ilimuuma.

Hata pamoja na ujinga wa jioni ile, bado alishinda.

Jumamosi alasiri walifika. Mwenyekiti alitangulia. Nyuma yake alikuja katibu, kijana wa watu aliyeshika simu kama mtu anayesubiri ajali itokee airekodi. Wa mwisho alikuwa Mama Saba, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya watoto wake saba. Nyumba yake ndiyo iliyoshika mkia katika shindano, na mwenyekiti alikuwa amemleta makusudi ajifunze.

Fundi alikuwa amejiandaa. Aliwaeleza kwamba friji isibanwe ukutani, nayo inahitaji kupumua, na raba ya mlango wake ikilegea ibadilishwe. Maharage yalazwe kwenye maji usiku kucha ndipo yapikwe, na sufuria ifunikwe. Balbu za kizamani zipigwe marufuku, kazi yake ni kuipasha dari moto. Yote yalikuwa kweli na aliyasema vizuri. "Haba na haba hujaza kibaba," mwenyekiti alisema kwa furaha. Mambo yangeishia hapo, wangekunywa soda wakaondoka. Lakini mwenyekiti alitaka kuiona nyumba.

Walianza na jikoni. Katibu alifungua friji, taa ya ndani haikuwaka. Ndani mlikuwa na chupa ya maji na pakiti ya chumvi.

"Umeizima?"

"Haina kazi."

"Fundi friji mzima, na friji yake kaizima!" Mwenyekiti alipiga makofi. "Huo ndio mfano! Na kupika je?"

"Napika leo, nakula leo na kesho."

"Kesho unapasha moto?"

"Nakula hivyo hivyo."

"Unasikia?" mwenyekiti alimgeukia Mama Saba. "Hapashi!"

Chumba cha binti kilikuwa kimefungwa. Fundi alipofungua, ilitoka harufu ya nguo zilizokunjwa siku nyingi. "Humu taa huwashi kabisa?" katibu aliuliza. Fundi akajibu kwamba haingii. "Safi sana," mwenyekiti akasema, na katibu akaipiga picha swichi. Walipita sebuleni wakasifu feni iliyofunikwa kitambaa. Walisifu redio iliyochomolewa. Kwa kila walichokisifu fundi akawa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayepewa pole asiyoitaka.

Mama Saba peke yake ndiye ambaye hakusifu. Alisogea karibu na fundi akasema kwa sauti ya chini, "Jirani, unakula kweli wewe?"

"Tuendelee, tuendelee," mwenyekiti akamkatiza.

Wakamsimamisha fundi katikati ya sebule. Katibu akainua simu. "Waambie watu wa mtaa," mwenyekiti alisema, "siri yako ni nini."

Fundi akasafisha koo. Alikusudia kurudia habari za raba na maharage, na alikuwa tayari amefungua mdomo. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Siri yangu ni kwamba mke wangu hayupo."

Katibu alicheka, akidhani ni utani. Fundi hakucheka.

"Sijapunguza umeme mimi. Watu ndio waliopungua. Friji nimeizima kwa sababu hakuna wa kusimama mbele yake. Sipashi chakula moto kwa sababu sijali ninachokula. Hayo ya raba na maharage ni kweli, yashikeni, lakini nyumba hii msiiige. Mkitaka mfano, uko pale." Akaonyesha ukuta wa Mama Saba. "Baba, mama na watoto saba. Umeme wao ugawanyeni kwa vichwa, na wangu ugawanyeni kwa kichwa hiki kimoja, kisha mje mniambie nani anatumia vibaya. Paneli za paa zima, taa, friji, kwa ajili ya mzee mmoja anayekula wali wa jana." Alisita, macho yakamlowa, naye hakuyafuta. "Namkosa mke wangu. Basi. Hiyo ndiyo siri."

Mama Saba alitoka bila kuaga. Alirudi punde na sahani iliyofunikwa, inafuka moshi, akaiweka mezani akasema, "Kula sasa hivi, niko hapa natazama." Fundi akala mbele ya kamati nzima.

Sasa yule katibu, ama kwa kukosa akili ama kwa kuwa nayo nyingi, aliituma video ile nzima kwenye kundi la simu la mtaa. Mke wa fundi alikuwa ameondoka mtaani, lakini kwenye kundi hakuwa ameondoka. Jua lilikuwa halijazama simu ya fundi ilipoita.

"Umekonda," mkewe alisema. Hata salamu hakutoa.

"Ni simu ya katibu, inarefusha watu."

"Usiniletee mzaha mimi. Mtaa mzima umeambiwa kwamba unanikosa. Mpaka fundi viatu wa kule kona kaniandikia pole. Mimi mwenye kukoswa sijaambiwa!"

Fundi alikuwa karakanani. Akavuta ndoo akaigeuza, akakalia. "Niliogopa, mama watoto."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaniambia umepumzika."

Upande wa pili mtoto alilia kidogo, akabembelezwa, akanyamaza. "Na mimi nilijua wewe ndiye uliyepumzika," mkewe alisema, sauti imeshuka. "Kila ukipiga nasema, leo ataniuliza narudi lini. Wewe unaniuliza meno ya mtoto. Nikasema basi, mwenzangu kapata utulivu wake, hana tena mtu wa kumharibia umeme. Nikaona aibu kujileta."

Swali lile lilikuwa limemkaa fundi kinywani muda mrefu mno, na safari hii hakulimeza. "Utarudi lini?"

"Sijui."

Alifumba macho. Hilo ndilo jibu alilokuwa akiliogopa miezi yote.

"Siwezi kukudanganya nikakutajia siku," mkewe aliendelea. "Binti yako karudi kazini, anaingia kwa zamu, mumewe ndiyo hivyo, safari haziishi. Mtoto hana mtu ila mimi. Nikimwacha, nitakuwa huko kwako nalilia huku. Nikikaa, ndiyo kama unavyonisikia."

Fundi aliitazama karakana. Friji za watu zilikuwa zimesimama zimejipanga, nyingine milango wazi, zinasubiri mkono wake. Siku zote alijiambia kwamba hawezi kuondoka kwa ajili ya hizo. Sasa alizitazama vizuri akaona ni friji tu.

"Huko mliko," alisema, "friji za watu haziharibiki?"

"Zinaharibika, kwa nini zisiharibike? Jirani hapa ya kwake inavuja maji mpaka ukumbini. Unaulizia nini?"

"Nije?"

Fundi alisikia mlango ukifungwa taratibu, kana kwamba amehama chumba ili asisikiwe na mtu, halafu akasikia pumzi ya mtu anayetua mzigo kichwani. Akangoja. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Nyumba yenyewe ndogo," mkewe alisema. "Nalala chumba kimoja na mtoto, na mtoto analia."

"Nimekuuliza nije?"

"Binti yako ananicheka kila asubuhi, unajua? Ananiambia, mama, kitanda chote hicho ni chako, mbona unalala ukingoni utafikiri umefukuzwa? Namwambia nimezoea." Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Njoo, baba watoto. Nafasi yako sijailalia hata siku moja."