Ukurasa Ujae Kwanza

Muattar alimaliza darasa la kwanza akiwa na mwandiko wa kuku. Mwalimu wake alinipa madaftari matatu ya mistari. "Dada, ukimwacha acheze miezi yote mitatu ya likizo, Septemba usije kunilaumu." Nikayachukua. Nikanunua na la nne, la mama mkwe.

Mama mkwe wangu, Inoyat, alikuwa karani wa posta hapa mjini kwetu, Margilon. Watu walikuwa wakimpelekea bahasha awaandikie anwani, kwa uzuri tu wa mwandiko wake. Mwezi wa tatu alipata kiharusi. Ulimi ukafa, mkono wa kulia ukafa. Daktari alisema mkono wa kushoto ufundishwe kuandika kabla likizo haijaisha; usipozoea kufikia hapo, hautazoea tena, na tungebaki kubahatisha anachotaka. Mume wangu huendesha lori, nyumbani haonekani. Kazi ikawa yangu.

Niliwaketisha wote wawili kwenye kitanda cha uani chini ya mzabibu, nikatoa amri mbili: kalamu haiwekwi chini mpaka ukurasa ujae, na Bibi akitaka kitu, aandike.

"Akinionyesha kwa kidole je?" Muattar aliuliza.

"Usimpe. Ukimpa, mkono utalala."

"Hata zabibu?"

"Hata zabibu."

"Mama, wewe mkali kuliko mwalimu."

Mama mkwe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Na ilikwenda vizuri. Nilikuwa likizo. Wiki ya pili aliandika "mkate", nikamletea. Akaandika "mto", nikamwekea mgongoni. Herufi zilitetemeka lakini zilisomeka. Jambo moja halikunijia kichwani: mama mkwe huandika lugha yetu kwa herufi za Kirusi, tulizofundishwa zamani, na Muattar anajua za Kilatini tu, zinazofundishwa sasa. Mimi husoma zote mbili, wala sioni tofauti. Na siku zote hizo msomaji nilikuwa mimi.

Katikati ya Julai, joto likiwa kali kuliko siku zote za mwaka, nilirudi kazini kiwandani, kukagua vitambaa. Niliwaachia birika la chai na mkate, nikaahidi kurudi saa saba mchana. Mashine mbili ziliharibika. Nilirudi saa kumi na moja.

Muattar alinikimbilia mlangoni na daftari.

"Mama, Bibi leo kaharibu! Kaandika neno moja tu, na lenyewe si neno. Nimemsahihishia kwa wino mwekundu."

Ukurasa mzima ulikuwa neno moja, mara ishirini na kitu, kila mara likizidi kupinda. Suv, maji kwa lugha yetu. Kwa herufi za Kirusi, s hufanana na c, u na y, v na b. Mtoto wa herufi mpya akilitazama anaona c, y na b. Pembeni ya kila c, Muattar alikuwa amechomeka h nyekundu, nadhifu kabisa.

"Mwalimu alisema c haisimami bila h," alieleza. "Nikamwambia, Bibi, andika vizuri. Akawa ananionyesha jikoni. Sikumpa, Mama! Nilikataa kabisa."

Alisubiri nimsifu.

Mama mkwe alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, birika tupu limeanguka karibu na mguu wake. Kalamu bado ilikuwa mkononi. Nilimwinua, nikamnywesha, maji mengi yalimwagikia kifuani. Hospitali walimtundikia dripu siku tatu.

Alirudi nyumbani, ila kalamu hakuishika tena. Nikimwekea vidoleni, anaiachia. Nilimwomba radhi mara mbili. Hakuniangalia.

Shule zilifunguliwa. Mwandiko wa Muattar sasa ndio bora darasani, mwalimu ameubandika ukutani. Kila akirudi humpelekea bibi yake kikombe cha maji, hamwulizi kama ana kiu. Juzi alinijia jikoni na daftari lake la zamani.

"Mama, niandikie herufi za Bibi. Zote."

"Za nini? Bibi haandiki tena."

"Akianza tena wewe ukiwa kazini, nani atamsoma?"

Nilimwandikia. Akaenda kukaa kitandani miguuni pa bibi yake, akaanza kuandika kwa herufi hizo: suv, suv, suv. Sikumwambia ajaze ukurasa. Aliujaza, akauinua juu, bibi yake aone.

Mama mkwe aligeukia ukutani.