Zamu ya Saa Sita

"Tulia, mama. Itauma kidogo tu," alisema Carol, muuguzi wa kliniki ya ngozi, akimpulizia Kajuju dawa ya baridi kali juu ya mkono. Doa likaganda, kisha likaanza kuwaka moto.

"Hii ni kansa, sista?"

"Bado. Na tunataka ikae hivyo. Miaka ya nyuma walikuwa wanakuja na vidonda tayari, vya kukatwa. Siku hizi wengi wanakuja mapema, na madoa tu kama wewe. Lakini jua la saa sita, achana nalo kabisa."

Achana nalo! Rahisi kusema ukiwa chini ya paa. Kajuju ana ualbino, kama marehemu kaka yake Kathuri, na shamba lao la ndizi huko Mitunguu hupata zamu ya maji ya umwagiliaji saa sita mchana. Maji yakifunguliwa, lazima uwepo kuburuta mpira wa maji kutoka shina hadi shina. Ukikosa zamu, ndizi zitanyauka wiki nzima zikikungoja. Zamu ya asubuhi ni ya jirani, Mzee Bundi. Ni yeye tu wa kubadilishana naye.

Hapo ndipo roho ilipogoma. Kathuri alishamwomba. Kajuju alikuwepo, mkungu wa ndizi begani, akamsikia Bundi akicheka: "Jua ni letu sote, kijana. Vaa kofia." Kathuri akavaa kofia. Kidonda kikamtokea shingoni, pale kofia ilipokomea, na walipofika hospitali kilikuwa kimeshazama ndani.

Kajuju hakutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alienda dukani kununua chumvi na nyumbani chumvi ipo. Akapita langoni kwa Bundi, akarudi, akapita tena, akijitukana kimoyomoyo, mpaka mbwa akachoka kumbwekea.

"Wewe Kajuju, umepoteza nini hapo nje?" Bundi aliita.

Akaingia. Akanyoosha tu mkono wenye malengelenge.

"Mzee, naomba tubadilishane zamu ya maji. Unipe ya asubuhi."

Bundi aliutazama ule mkono. "Si uchukue tu. Kwani shida iko wapi? Mimi hata saa sita si niko tu hapa."

Basi. Hata kiti hakikuvutwa. Kajuju alisema asante, akageuka haraka asiuone uso wa yule mzee. Furaha hakuwa nayo. Alikuwa na hasira: kumbe ilikuwa rahisi hivi?

Siku ya maji ilipofika, aliburuta mpira asubuhi na mapema, maji baridi yakimlowesha miguu. Saa sita ilimkuta ndani, lakini kukaa hakuweza. Akasimama mlangoni.

Ng'ambo ya ua, Bundi alikuwa anahangaika na mpira juani, kichwa wazi. Kila baada ya shina moja alisimama, akaweka kiganja nyuma ya shingo, akakiacha hapo.