Kitovu cha Kapita

Kapita, mbwa yule, alizaliwa na tundu kitovuni. Akilala chali, utumbo ulirudi ndani wenyewe. Akibweka, ulitokeza tena chini ya ngozi, laini. Mimi ni daktari wa wanyama; mara nyingi nilimsihi mwenye mbwa, Mama Adolphine, jirani yangu hapa Alunguli kando ya mto, tulishone tundu kabla utumbo haujabanwa ukaoza. Alikataa.

Sababu alitoka nayo Pangi, alikoishi zamani. Mwaka 1998, vita vilipokaribia, mbwa wake wa wakati ule, ambaye Kapita ni wa uzao wake, alikuwa na uvimbe kama huo. Asubuhi moja ukakaza kama kokwa. Adolphine akabeba watoto, akaingia msituni. Majirani wakamcheka: "Anakimbia tumbo la mbwa!" Kufika jioni hapakubaki wa kucheka.

Jumatatu iliyopita, mchana, aliniita. Uvimbe ulikuwa umekaza. Kapita hakulia; alisimama ameelekea barabara ya Pangi, manyoya ya mgongo yamesimama. Magodoro ya Adolphine yalikuwa yamekwisha kufungwa.

"Papa Elodie, mutumbwi iko inangoja. Tuvuke mto, tuende Kasuku," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu.

"Mama, huu ni utumbo uliobanwa. Nisipopasua leo, atakufa."

"Pasua basi, weye njo munganga. Lakini Mama Elodie afunge vitu."

"Mbwa anajua nini habari za vita?"

"Njo vile wale majirani walisema kule Pangi."

Nilimchoma sindano ya usingizi, nikanyoa tumbo, nikapaka iodini. Binti yangu Elodie, muuguzi, alishika miguu. Nilikata ngozi nikitarajia utumbo mweusi wenye harufu. Nikakuta utumbo mwekundu, laini, unaojongea vizuri. Tundu lilikuwa pana. Hakuna kilichobanwa.

"Papa, ule ugumu umeenda wapi?" Elodie aliuliza.

Nilirudisha utumbo, nikashona tundu kwa uzi wa nailoni, kisha ngozi. Kapita alikuwa bado usingizini, lakini macho yalifunguka, yakatazama mlango. Chini ya kiganja changu tumbo lote likakaza, toka mbavuni hadi mapajani, kama ubao.

Nje, mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamenyamaza.

Najua mambo yanayokaza tumbo. Niliyapitia yote kichwani, hakuna lililofaa.

Nikamviringisha Kapita katika kitenge, nikampa Adolphine ampakate.

"Elodie," nikasema, "mwambie mama yako aache chakula jikoni. Tunavuka."