Mabega ya Rugu

Mwalimu Placidius aliugawa ubao kwa mstari mmoja wa chaki. Kushoto aliandika matendo ya kila siku. Kulia, matendo yanayotendeka sasa hivi.

Nyuma ya darasa, kwenye dawati la watoto, alikaa mkaguzi kutoka Bukoba, Bwana Gaudiosus. Akiridhika na somo hili la Kiingereza, Placidius angethibitishwa kazini. Asiporidhika, shule ingepata mwalimu mwingine.

Ng'ambo ya bonde mkewe, Deodatha, alikuwa na uchungu tangu jana, na mtoto hakutaka kushuka. "Nenda ukafundishe," mama yake Placidius, Kokwijuka, alimwambia asubuhi. "Uzazi una wenyewe." Naye alikwenda. Njiani aliwasihi majirani kwamba leo mtu yeyote asipige kelele karibu na shule, lije liwalo.

"My mother cooks," alifundisha. "Mama hupika. Ni desturi yake, hata kama sasa amelala. My mother is cooking. Mama anapika, na moshi unauona. Anayetaka upande wa kulia ashuhudie kwa macho yake. Sitaki uongo ubaoni. Renatha, tazama nje utupe sentensi."

Renatha alikuwa mwepesi wa kujibu kuliko wote. Alitazama dirishani, akaendelea kutazama.

"Huoni hata mbuzi?"

Wenzake walicheka. Kisha wao pia wakatazama, na kicheko kikakatika.

"They are carrying a woman," Renatha alisema polepole. Wanambeba mwanamke.

"Vizuri sana," mkaguzi alisema.

Placidius aliiandika sentensi hiyo kulia, akaifikisha hadi nukta. Ndipo alipotambua kilichokosekana. Wabebaji wa engozi, machela ya fito na kamba, hawapiti kimya. Huita njia nzima, na kila mwanamume anayewasikia huacha jembe akatoa bega. Asiyetoka, siku yake ya kuugua atabebwa na nani? Lakini hawa hawakuita. Na kijiji kizima cha Rugu alikuwapo mtu mmoja tu aliyeomba watu wanyamaze.

Alisogea dirishani. Wabebaji walikuwa wachache, tena wazee, kwani vijana walikuwa wamepeleka kahawa Nkwenda. Kando ya machela alitembea Kokwijuka.

"Sentensi ya pili, Mwalimu," mkaguzi alisema.

Placidius aligeukia darasa, akafungua kinywa ili aiulize. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko mengine yote: kwamba kinywa kilifunguka.

Akaiweka chaki chini.

"Ukitoka, nitaandika kwamba somo limeachwa," Gaudiosus alisema, bila ukali.

"Andika, Bwana. Ni mke wangu."

Aliwakuta wakianza kupanda mlima. Mzee Kashaija, jirani yake, alikuwa mbele, kifua kikimpanda na kushuka.

"Shikamoo, Mzee. Mbona hamkuita?"

"Marahaba. Ulitukataza."

"Niliwakataza karibu na shule."

"Mtu akiwa na mkaguzi, nani ajue shule yake inaishia wapi?" Kashaija alisema. "Tumekuja na binti wa watu kama tumemwiba. Weka bega, Mwalimu. Maneno hayabebi."

Placidius aliingia chini ya mti wa machela, kisha akaita. Sauti ilipasuka. Aliita tena kwa Kinyambo, lugha ya kwao, maneno yale ya kuomba mabega ambayo hakuwahi kufundishwa na mtu, na migomba ikayameza. Baada ya kitambo mtu mmoja alitokea akiwa na panga, akalitupa majanini, akaja mbio. Hospitali ya misheni ilikuwa bado ng'ambo ya mlima huu, na wa pili.

Kokwijuka aliingiza mkono chini ya shuka. "Deodatha. Nijibu, mwanangu."

Aliliita jina hilo tena.

Placidius aliongeza mwendo. Nyuma yake wazee walijikwaa, wakamfuata.

"Mnanitikisa," sauti ikasema kutoka ndani ya shuka, ndogo, yenye hasira.

"Nyamaza, utachoka," Kokwijuka alisema.

"Asinyamaze," Placidius alisema. "Tugombeze, Deodatha. Tugombeze mpaka juu."

Kamba zilikwaruza fito. Wanaume walipunguza hata kuhema, wapate kusikia.