Maman Venantie Anaozeshwa

Mkurugenzi wa makazi ya wazee karibu na Flagey, jijini Brussels, alimtarajia Maman Venantie na mwanawe mmoja. Wakaja watu kumi na wanne, wamependeza kama wanaokwenda kuozesha binti, na binti mwenyewe ana miaka sabini na sita.

"Bon, madame," akaanza Tonton Déo, msemaji wa ukoo. "Huyu ni dada yetu. Tunataka kujua anaingia kwa watu gani."

Mkurugenzi akaeleza: kwa sasa Maman angepata nyumba yake ndogo na jiko lake, na miguu ikichoka angehamia ghorofa ya wauguzi, humohumo ndani.

"Na sombe, nani atamupikia?" wifi yake Maman akadakia, utadhani yeye amewahi kumpikia hicho kisamvu.

Maman alikaa, mkoba mapajani. Huko Matonge, mtaa wa Waafrika alikokaa, mlango wake haukuwahi kupumzika: huyu kaja kula, yule kalala kwenye kochi, mwingine kamwachia watoto "kidogo tu" mpaka Jumapili. Na ndio hao sasa waliokuwa wakimlilia kwamba anakwenda kutupwa.

Mkurugenzi akaongeza, kwa aibu, kwamba wageni hawaruhusiwi kuzidi watatu kwa wakati mmoja, na hakuna anayelala.

Chumba kikalipuka. "Venantie, simama!" Tonton akafoka. "Tunaenda!"

Maman hakusimama. Uso ulikuwa umemchangamka kama wa bibi harusi.

"Madame," alisema, "hata wawili banatosha. Niingie lini?"