Pengo la Rafu ya Dirishani

Jana usiku, usingizi uliponishika tu, niliota niko kazini, kwenye duka la vitabu la Bi Zamzam, hapa Tanga. Vitabu vyote vimeshuka kwenye rafu na vimekaa kikao.

Ajenda ni moja: kuirudisha riwaya ya "Shangazi Hakuaga" kwa mchapishaji. Imebaki nakala moja, na kesho wakala anakuja kuchukua vitabu visivyouzika. Mimi nakala yangu ninayo nyumbani, lakini naipenda riwaya ile, na roho iliniuma kufikiri kwamba haitaonekana tena dukani kwetu.

Nikauliza mwenyekiti yuko wapi.

"Nipo," ikajibu nafasi tupu kati ya kamusi na Hesabu Darasa la Saba. "Mimi ni Pengo. Vitabu vya hapa naagiza mimi."

"Anayeagiza ni Bi Zamzam," nikasema.

"Bi Zamzam hupita kwenye rafu kila asubuhi. Akiniona, anaagiza. Asiponiona, hana habari. Sasa bosi nani?"

Ndivyo anavyofanya hasa.

Hesabu Darasa la Saba, mdomo umejaa andazi, akanyoosha mkono. "Mimi kila Januari nanunuliwa hadi naisha. Huyu Shangazi anashikwashikwa tu, anarudishwa."

Na ni kweli. Watu huisoma wamesimama pale dirishani, kisha huipachika palepale na kwenda zao.

Mara duka ni stesheni ya treni. Riwaya imekaa ndani ya boksi, imejifunga kanga, imeshika tiketi ya kurudi. Mpiga filimbi ni Fundi Mbwiga, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye kila siku huja kwetu kuomba chenji akabaki anasoma.

"Shahidi huyu hapa!" nikapiga kelele. "Fundi, hebu waambie!"

"Kitabu kizuri mno," Fundi akasema, machozi yanamlengalenga. "Nimefika pale shangazi anapofunga mlango. Nimeweka uzi mwekundu nisipotee."

"Umekinunua?" Pengo likauliza.

"Ninunue ya nini, na kipo dukani?"

Treni inapiga honi. Nimepandwa na hasira, nalikamata Pengo mkono.

"Wewe unakaa wapi hasa?"

"Popote palipotoka kitabu."

"Basi twende."

Nikaichomoa riwaya kwenye boksi, nikaibana kwapani. Pengo likaenda kulala mahali pa riwaya kwenye rafu ya dirishani, likajinyoosha.

"Pananitosha," likasema. "Ila wenzangu wa kikao wasijue."

Nikaamshwa na simu. Alikuwa Bi Zamzam.

"We Tunu, ile 'Shangazi Hakuaga' umemuuzia nani? Napita hapa dirishani naona pengo. Wakala yupo, nimeshamwambia alete kumi. Halafu fanya haraka uje umnyamazishe Fundi Mbwiga, anafoka eti tumeuza kitabu chake."

"Mwambie aweke oda, Bi Zamzam," nikasema. "Na alipe kabisa."

Nilipokata simu nikajilaza tena. Kichwa kikagonga kitu kigumu chini ya mto. Sikuinua mto. Pembeni yake uzi mwekundu ulikuwa unachungulia.