Kitabu cha Mzunguko

Katika chumba cha kutoboa kadi za kompyuta, ghorofa ya tatu ya kampuni moja ya bima katikati ya jiji la Nairobi, watu walizungumza kwa nyusi. Mashine zilipiga kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mwenye neno refu alilazimika kungoja saa ya chakula. Kwa hiyo Bwana Mungai, mkuu wa idara ya kompyuta, alipoingia asubuhi moja ya mwaka 1974 akasimama mlangoni akichezesha midomo, ilibidi Kasyoka azime mashine yake kwanza, na wenzake wakafuata.

"Ati nini, Bwana?"

"Nasema kadi zimekuwa nyingi. Mwezi ujao tunaanza zamu ya jioni. Mtabadilishana, kila mtu kwa wiki yake, mpaka saa tatu usiku."

Bwana Mungai akakohoa.

"La pili. Nataka watu wawili wa kufundishwa kuandika programu. Badala ya kuwatoa nje, nitatoa mtihani hapa hapa kabla zamu haijaanza. Lugha yenyewe ya kompyuta ni COBOL. Mtu akinionyesha ameanza kuijua mwenyewe, nitammalizia mafunzo mimi."

Alipoondoka mashine zikarudia kelele zao, lakini Peres, mmoja wa watoboaji, alibaki mikono hewani. Nyumbani Kileleshwa, katika vyumba viwili nyuma ya bangalo la serikali, alikuwa na mtoto anayenyonya, Ajwang, aliyeota meno mawili na kuijua saa ya mama yake kurudi vizuri kuliko saa ya ukutani. Saa kumi na moja na nusu ikipita bila mama, mtoto huyo hakutaka uji wala baba. Sasa afike saa nne usiku? Waandishi wa programu, kwa upande wao, walifanya kazi mchana tu, wakashuka ngazi jua likiwaka.

Cha ajabu ni kwamba Peres alikuwa akiishika COBOL mikononi kila siku. Waandishi waliandika programu zao kwenye karatasi, naye akazitoboa kwenye kadi, mstari kwa kadi yake. Sheria ya chumba ilikuwa moja: toboa unachokiona. Ukiona kosa, litoboe na kosa lake, kwani aliyejaribu kusahihisha ndiye aliyeharibu zaidi. Basi vidole vyake viliijua lugha ile kama mchukuzi anavyoujua uzito wa chungu kilichofunikwa. Kilichopikwa ndani, wenyewe walijua.

"Natafuta kitabu cha COBOL," akamwambia mumewe Nashon jioni ile.

Nashon alikuwa fundi wa simu, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. "Hiyo COBOL, inazungumzwa wapi? Au ni Waluhya wamegawanyika tena, wakapata lugha nyingine?"

"Inazungumzwa kwa mashine."

"Basi soma. Angalau haitakujibu vibaya kama mimi."

Kutafuta kitabu ikawa kazi. Maktabani alipata kimoja kilichojaa picha za makabati yenye taa, kikieleza kompyuta ni nini na jinsi itakavyobadilisha dunia, ila hakikusema neno hata moja la namna ya kuiagiza ifanye kitu. Duka moja la mjini lilimpa kitabu kinono cha lugha nyingine kabisa, ya wahandisi, hesabu tupu kutoka jalada hadi jalada. Aliyekuja kumwokoa ni Pramila, binti wa Westlands, aliyekaa kwenye mashine ya kando ya dirisha.

"Anko Harbhajan ana duka karibu na kwetu," akasema. "Vitabu vya shule, lakini mtu akimwomba anaagiza ng'ambo. Twende wote Jumamosi."

Wote walioutaka mtihani chumbani walikuwa wanne: Peres, Pramila, Kasyoka na Lornah, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri. Mbali na mashine walikuwa na mzunguko wao: kila mwisho wa mwezi kila mmoja alitoa mchango, na mmoja akabeba wote.

Mzee Harbhajan aliwawekea vitabu viwili mezani. Kimoja kilikuwa kizuri, karatasi za kung'aa. Cha pili kilikuwa na jalada la kijivu, chembamba kidogo, kimechoka kwa kukaa.

"Hii kubwa nauza kwa mtu ya ofisi," akasema. "Anaweka kwa meza, mdosi, mkubwa ya kazi, anaona, anafurahi. Nyinyi nataka kujua ama nataka kuonekana?"

"Tunataka kujua, Anko," Pramila akasema.

"Basi chukua hii ya kijivu. Kila mwisho ya somo iko maswali, na majibu iko nyuma. Kitabu bila majibu ni kama mwalimu anakwenda nyumbani saa nne ya asubuhi."

"Viko vingapi?" Lornah akauliza.

"Moja tu, dada. Ingine inakuja na meli, labda baada ya sikukuu."

Wakanunua kile kimoja kwa fedha ya mzunguko wa mwezi ule. Nje ya duka ndipo walipotazamana. Watu wanne, kitabu kimoja, na wiki nne tu kabla ya mtihani.

"Si ni rahisi," Kasyoka akasema. "Tukifanye kama mzunguko. Tukikate."

Pramila akakikumbatia kitabu kifuani. "Kukata kitabu? Kwetu hata ukikigusa kwa mguu unaomba msamaha!"

"Basi uombe sasa hivi, tumalize."

Kilikuwa na sehemu nne, kama programu yenyewe ya COBOL ilivyo na sehemu nne. Ya kwanza ilihusu jina la programu na mwandishi wake. Ya pili, mashine itakayotumika. Ya tatu, data, yaani kila kitu ambacho programu itakishika, jina lake na ukubwa wake. Ya nne, maagizo: soma, hamisha, jumlisha, simama. Wakarudi ndani kumwomba Harbhajan akigawe. Mzee akainua mikono. "Mimi nauza vitabu, sichinji!" Ikabidi Kasyoka atumie wembe, na kila kipande akakishona pamoja na kurasa zake za majibu kwa uzi wa gunia. Pramila aliviinua vyote vinne kwenye paji la uso, kuviomba radhi, kabla hajakubali kuvigawa.

Wakapiga kura kama desturi. Lornah akapata sehemu ya kwanza, Kasyoka ya pili, Pramila ya tatu, Peres ya nne. Kila Jumatatu wangepokezana, hadi kila mmoja amepitia vyote kabla ya mtihani. Ilionekana haki tupu. Katika mzunguko wa pesa, anayepokea mwanzo na anayepokea mwisho wote hubeba kiasi kile kile, na hakuna aliyefikiri kwamba kitabu si pesa. Lornah alikuwa amepangiwa kusoma moja, mbili, tatu, nne. Peres angeanzia mwisho, kisha arudi mwanzo, na sehemu ya data ingemfikia wiki ya mtihani.

Wiki ya kwanza nusura akate tamaa. Alfajiri, Ajwang akiwa titini, alishika kipande chake kwa mkono wa pili akasoma: hamisha hiki kwenda kile, jumlisha hiki na kile. Hiki nini? Kile kiko wapi? Ilikuwa kama kusikiliza watu wakimsengenya mtu usiyemjua. Hata hivyo alisoma, akayafanya maswali, akayashika maagizo yote kwa moyo. Yaliyobaki, akajiambia, yatajazwa na sehemu ya tatu.

Sehemu ya tatu ilikuwa kwa Lornah wakati simu ilipokuja kwamba mama mkwe wake amefariki. Siku ile ile akapanda basi kwenda Luanda, magharibi ya nchi, na kipande kikaenda naye ndani ya mkoba, chini ya leso na maandazi ya njiani. Jumatatu Peres alinyoosha mkono kupokea zamu yake, akakuta kiti bado kitupu.

Saa ya chakula walikaa kwenye nyasi za bustani ya Jivanjee kama kawaida yao. Peres hakufungua chakula chake.

"Mtihani ni Jumamosi," akasema. "Wengine wote mmeisoma data. Mimi nitaandika nini? Hamisha sijui-nini kwenda sijui-wapi?"

Kasyoka akamtazama Pramila, Pramila akatazama nyasi. Nafasi zilikuwa mbili, na kila mmoja aliweza kuhesabu mpaka mbili. Kisha Kasyoka akashusha pumzi.

"Mzunguko ni mzunguko, Mama Ajwang. Zamu ya mtu ikipotea, wenzake wanamchangia. Pramila, wewe ulikuwa wa kwanza kukisoma hicho kipande. Toa unachokumbuka."

"Sikuelewa vizuri," Pramila akasema. "Nilisoma nikiwa sijui chochote."

"Toa hicho hicho."

Pramila akafikiri, halafu akavuta chakula chake. Kilikuwa katika vile vyombo vya bati vya Kihindi, vinavyopandana na kubebwa kwa mshikio mmoja. "Tuseme hii yote ni mteja. Jina moja, mshikio mmoja. Ukiagiza mteja ahame, vyote vinahama. Lakini ndani kuna vyombo vidogo." Akavishusha kimoja kimoja. "Hiki ni jina lake. Hiki ni namba ya bima. Hiki, malipo. Kila kimoja kina jina lake chenyewe."

"Na ukubwa?" Peres akauliza.

"Ukubwa unauchora," Kasyoka akadakia. "Mahali pa herufi unaandika X. Pa tarakimu unaandika tisa. Tarakimu tano, tisa tano."

Peres akabaki mdomo wazi. "Tisa? Tisa tisa tisa tisa tisa?"

"Ndiyo. Ni nafasi tu, si hesabu."

"Jamani! Miaka mitatu nazitoboa hizo tisa, nikidhani ni pesa za mtu! Nilikuwa nasema moyoni, huyu mteja ni nani, kila programu anaingia na utajiri ule ule?"

Kasyoka alicheka hadi akamwaga githeri yake, mahindi na maharagwe. Pramila akafuta machozi kwa ncha ya sari. "Ungemtafuta umwombe mkopo!"

Wakaendelea hivyo kila adhuhuri ya wiki ile, na mara nyingi walibishana. Alhamisi ubishi ulikuwa juu ya jumla. Pramila alishikilia kwamba kama malipo ya mteja yana tisa tano, jumla ya malipo nayo ipewe tisa tano. Kasyoka alikumbuka kitabu kikisema zaidi, lakini kwa nini, alikuwa amesahau. Peres ndiye aliyejua, kwa sababu kujumlisha kulikuwa katika kipande alichoanza nacho.

"Mashine hailalamiki," akasema polepole, akiyaona mambo yakikutana. "Ukijumlisha jibu likazidi nafasi, inakata tarakimu ya mbele na kuendelea na kazi. Laki inapotea, nayo kimya. Ndiyo maana nafasi ya jumla lazima iwe kubwa."

"Kama uji wa watu wawili kwenye kikombe kimoja," Kasyoka akasema.

"Afadhali uji, unauona ukimwagika."

Kitabu kilikuwa kimewapa kila mmoja vipande vyake, na sasa vilikuwa vimeungana palepale kwenye nyasi.

Jumamosi asubuhi Lornah alikutwa kwenye ngazi za ofisi, kitambaa cha matanga kingali kichwani, miguu imevimba kwa basi. Akatoa kipande mkobani akampa Peres.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuletea zamu yako imechelewa."

"Pole kwa msiba, dada. Wewe umekisoma?"

Lornah akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Matanga yana nafasi ya kusoma? Nimepika kwa ajili ya kijiji kizima. Hata sikukifungua."

Mlango ulikuwa haujafunguliwa bado. Peres alikishika kile kipande alichokingoja mwezi mzima, na vidole vilimwasha kukifungua, apitishe macho kwenye yale ambayo wenzake walikuwa hawana hakika nayo. Lornah alikuwa amekaa chini, akivua kiatu. Akikaa naye kumweleza, hatakisoma. Tena nafasi ni mbili.

Akaketi kando yake. "Sikiliza. Tisa si pesa, ni nafasi ya tarakimu. X ni ya herufi. Na nafasi ya jumla iwe kubwa kuliko vinavyojumlishwa, la sivyo mashine inakata mbele bila kukuambia." Akaeleza mpaka funguo zikasikika mlangoni, na kipande kikaingia mtihanini kimefungwa, chini ya kiti.

Ijumaa iliyofuata, saa tisa, Bwana Mungai alimwita Peres ofisini.

"Umesahau nukta za mwisho wa sentensi mara nyingi sana," akasema, akipitisha kalamu juu ya karatasi. "Mashine hii ingekutapikia makosa ukurasa mzima. Lakini jumla yako ni salama. Wengi wa idara nyingine waliofanya mtihani wameipoteza laki." Akaweka kalamu. "Wewe na Pramila. Mtaanza Jumatatu."

Kurudi chumbani kulikuwa kugumu kuliko mtihani. Kasyoka alimkumbatia hadi mbavu zikauma, akisema mwakani ni zamu yake na atakayempinga atatobolewa. Lornah aliendelea na kadi zake mpaka rundo likaisha, ndipo akageuka.

"Usije na hiyo sura ya pole, nimetoka kwenye pole juzi tu. Watoto wangu wamekua, wanaweza kula bila mimi. Zamu ya jioni nitaimudu." Akaligonga rundo mezani likae sawa. "Lakini hizo nukta zako, Mama Ajwang, mimi ndiye nitakayekutobolea sasa. Na nitatoboa ninachokiona."

"Hata kosa?"

"Kosa hasa. Utajifunza."

Peres alishuka ngazi saa kumi na moja, akafika Kileleshwa jua lingali juu ya miti. Nashon alikuwa uani, mtoto begani, akimwonyesha kunguru juu ya waya.

"Vipi?" akauliza.

"Mchana tu," Peres akasema. "Kuanzia Jumatatu, ni mchana tu."

Nashon alitaka kusema kitu, labda mzaha, lakini Ajwang alishaisikia sauti ya mama yake. Akajipinda kutoka begani kwa nguvu zake zote, mikono mbele, na Peres akamdaka.